Mtu wa Shimo la Kiambere

Kama wiki iliyopita muuza nyama alikufungia matumbo kwa ukurasa huu wa gazeti kabla hujausoma, usijali. Hukukosa kusoma habari za heshima yangu, maana haikuwepo. Nitakurudisha njiani upesi.

Mimi ni Mwongera, mpiga gitaa na mwimbaji, mwanzilishi wa Radi za Nyambene, bendi ya roki iliyozaliwa Meru mwaka wa 1973, wakati watu wote wenye akili walikuwa wanapiga rumba. Tulianza tukiwa wanne. Kaberia wa kinanda akatuacha akaenda kuuza miraa Kangeta, na sasa ana nyumba ya ghorofa. Muthamia wa besi akaokoka kwenye mkutano wa injili, akatubu dhambi zake mbele ya watu, na ya kwanza aliyoitaja ilikuwa mimi. Waliokuja baada yao wakaenda pia. Mmoja alifanywa naibu wa chifu. Mmoja alioa mwanamke asiyependa kelele. Mmoja alishuka Chuka kwenda haja, na mpaka leo tunamngoja.

Wiki iliyopita nilikuachia Runyenjes, mwaka wa 1986. Katikati ya wimbo, Njagi, mpiga drumu wetu tangu siku ya kwanza, alisimama akaanza kupakia ngoma zake kwenye mkokoteni.

"Njagi, ni nini?" nilimwuliza, gitaa likiwa bado linalia.

"Tangu tuanze hii bendi naangalia mgongo wako tu," akasema. "Nataka nione kitu kingine kabla sijakufa."

Akaenda zake. Nilimaliza ule wimbo bila drumu. Watu walidhani umeme umepotea.

Sasa endelea nami.

Tulibaki watatu. Mimi, Munyi wa besi, ambaye alikuwa na mdomo mrefu kuliko nyuzi zake, na Njuki wa kinanda, mwalimu wa kwaya aliyetumia maneno kama mtu anayetumia sukari ya mkopo.

Na tulikuwa tumealikwa Kiambere. Bwawa la umeme lilikuwa linajengwa huko kwenye mto Tana, na wafanyakazi wa kambi walitaka muziki siku ya Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kambi nzima! Watu waliokaa miezi mingi bila kuona kitu isipokuwa mawe na wapishi. Nilijua hata mimi wangenipenda.

Tukatangaza kwamba tunatafuta mpiga drumu, tukakodi drumu na chumba nyuma ya duka moja Embu mjini, tukakaa kwenye kreti za soda kama mahakimu.

Wa kwanza alipiga vizuri, lakini alijua mdundo mmoja tu, ule wa kuandamana, na kila mara alipoupiga miguu yake ilimpeleka mlangoni. Wa pili alipiga kwa nguvu sana. Tulipomwambia imetosha hakusikia. Tulimwacha akipiga tukaenda kunywa chai, tukarudi, bado.

Wa tatu alikuwa Wamuyu.

Nilimjua. Alikuwa fundi wa nguo pale mjini, mama wa watoto wawili, mwanamke mnene wa mabega aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliingia na vijiti vyake mwenyewe.

"Mama, cherehani umeiacha wapi?" nikamtania.

"Nimeiacha ipumzike. Ondoka hapo nikae."

"Kwani unajua roki?"

"Na wewe?"

Munyi akacheka. Nikaweka moyoni kwamba Munyi hana nidhamu.

Wamuyu akaketi. Alikuwa amepiga ngoma za kanisani tangu utotoni, na mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga cherehani maisha yake yote. Ule mguu uliposhuka kwenye drumu kubwa, vumbi la dari likatuangukia kichwani. Mwenye duka alikuja mbio akidhani gunia la mbolea limeanguka. Akabaki mlangoni, akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo, akasahau wateja.

Alipomaliza nikasema, "Hapana."

"Hapana nini?" Munyi akaniuliza.

"Mwanamke nyuma ya drumu? Watu watasema nini?"

"Watasema afadhali."

Njuki akainua mkono. "Achukuliwe," akasema, kisha akanyamaza tena, bajeti yake imekwisha.

Ndivyo nilivyoshindwa kura ya kwanza katika bendi yangu mwenyewe. Nilijiliwaza kwamba ni ya kwanza na ya mwisho. Wasomaji wangu wa zamani tayari wanacheka.

Asubuhi ya kwenda Kiambere, mke wangu Karwirwa alinikuta mbele ya kioo nimevaa jaketi langu la ngozi. Karwirwa huuza ndizi soko la Gakoromone, na ndizi hizo ndizo zilizolisha roki ya Meru kwa miaka yote hiyo. Sijawahi kumwona mtu akiziandikia wimbo.

"Baba Lenah, Kiambere ni jua tupu. Acha hiyo ngozi."

"Ngozi ndiyo roki, mama."

"Basi hata ng'ombe wetu anapiga roki." Akanitazama tumboni. "Na usiruke."

Lazima nikueleze habari ya kuruka. Tangu mwanzo, desturi yangu ilikuwa kupanda juu ya spika katikati ya wimbo wa mwisho, kupiga gitaa huko juu, kisha kuruka na kutua kwa magoti. Siku hizo nilikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Kufikia mwaka huo wa 1986 nilikuwa jembe zima, pamoja na udongo.

"Siwezi kuacha kuruka," nikamwambia. "Watu wanangojea."

"Watu gani?"

Msanii hajibu kila kitu.

Kiambere jua lilikuwa linawaka hata kivulini. Wafanyakazi walikuwa wametujengea jukwaa la mbao zilezile wanazotumia kuzuia zege, zimelazwa juu ya mapipa. Nilipiga wimbo wa kwanza ndani ya jaketi langu, nikasikia jasho likiingia kwenye viatu. Kwa wimbo wa tatu nilianza kuona watu wawili wawili. Nilifurahi, nikadhani umati umeongezeka.

Ukweli ni kwamba walikuwa wanamtazama Wamuyu. Kila alipokanyaga, vifua vya watu vilijibu. Wapishi waliacha sufuria. Mzee mmoja Mmbeere aliyekuwa amepitisha mbuzi wake pale alisimama, na mbuzi wakasimama pia.

Wivu ni pombe ya bure. Nilipanda juu ya spika.

"Mwongera, shuka!" Wamuyu aliniita. "Mbao zinalia!"

"Ndiyo roki hiyo!" nikamjibu, nikaruka.

Nilitua kwa magoti kama kawaida. Mbao hazikusimama kama kawaida. Nilisikia kraa, na dunia ikapanda juu yangu. Miguu yangu ilifika chini kwenye changarawe, mmoja ukiwa umepinda vibaya, na kwapa zangu zikanasa kwenye mbao. Nikabaki pale, kifua na kichwa juu ya jukwaa, kama mhogo ulioachwa nusu shambani.

Maiki ilikuwa imeangukia mbele ya mdomo wangu.

"Nisaidieni!" nikalia.

Kambi nzima ikaitikia, "Nisaidieni!"

"Mguu wangu!"

"Mguu wangu!"

"Jamani, si wimbo!"

"Jamani, si wimbo!" Na makofi juu yake.

Nikageuza shingo nimtazame Wamuyu. Alikuwa ananiona. Alikuwa anaona pia kwamba watu wa mbele wameanza kupanda jukwaani kucheza, na kwamba mbao zilizobaki zingewaangusha wote juu yangu. Hakusimamisha mdundo. Aliinama kwenye maiki yake ndogo, akaimba kwa sauti ambayo hatukujua anayo, nzito, tulivu kama ya mtu anayembembeleza mtoto:

*Rudini nyuma, rudini nyuma,*
*mtu wa shimo anapumua,*
*mpeni hewa, mpeni njia,*
*mtu wa shimo atarudi.*

Wakarudi nyuma. Wakicheza, lakini wakarudi. Wakaimba naye mara nyingi kiasi kwamba waashi wawili waliokuja na mtaimbo kuning'oa walining'oa kwa mdundo, moja mbili, moja mbili. Nilipotoka, jaketi lilibaki shimoni.

Walinibeba kupita mbele ya mpishi mmoja mwenye mwiko mkononi. Aliniangalia kwa heshima kubwa.

"Baba, hiyo ya kuzama ulisomea wapi?"

Nyuma yangu watu walikuwa wanapiga kelele: "Rudia! Rudia!"

Mguu ulikuwa umevunjika. Nilifungwa plasta kutoka kidoleni mpaka pajani, nikarudishwa nyumbani Meru nikiwa mgumu kama ubao. Wenzangu walikuja kuniona mara moja. Waliniletea ndizi. Ndizi! Katika nyumba ya Karwirwa! Yeye alizipokea, akazigeuza, akasema, "Hizi niliuza mimi jana."

Kisha hawakuja tena. Nilijua wanafanya mazoezi bila mimi, lakini nilidhani wanafanya mazoezi ya kunikosa.

Mwishowe Munyi akanitumia ujumbe kwamba bendi inataka kikao. Tukutane Gakoromone, kwenye hoteli ya chai iliyo nyuma ya wauza viazi. Nilifurahi. Nilikuwa nimelala kitandani majuma mengi nikitayarisha hotuba ya kuwasamehe.

Nikaenda kwa magongo. Nikaketi, mguu wa plasta nikauweka kwenye kiti cha nne, Wamuyu akabaki amesimama. Sikuona ubaya.

"Mwongera," Munyi akaanza, "tumekaa chini tukaongea."

"Najua. Nimewasamehe."

"Kwa nini?"

"Kwa yote."

Wakatazamana. Munyi akakoroga chai iliyokuwa tayari imekorogwa. "Tunataka upumzike."

"Nimepumzika. Wiki ijayo natolewa plasta."

"Upumzike kabisa, bwana."

Nilicheka. Nilikuwa peke yangu katika kicheko hicho, nikakiacha.

"Mnanifukuza? Mimi? Kwenye Radi za Nyambene? Hii bendi niliianzisha kabla Munyi hajanyoa ndevu!" Nikamgeukia Wamuyu. "Hii ni kazi yako wewe."

"Hapana," akasema. Hakupandisha sauti. "Mimi nilisema ubaki kwa gitaa. Mkono wako ni mzuri, Mwongera. Uache kuimba, uache kuruka, uache kutuamuru, upige gitaa. Hawa wakasema hutakubali."

"Na ni kweli singekubali!"

"Basi," Munyi akasema.

"Haya. Nendeni. Lakini vyombo vyote vinabaki kwangu."

Hapo ndipo Njuki alipoweka kikombe chini na kutoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake.

"Drumu ni za Wamuyu. Besi ni ya Munyi. Kinanda ni cha kanisa, nimekiazima. Spika tunakodi. Gitaa ni lako, lichukue. Jina pia ni lako."

"Nalichukua jina!"

"Lichukue," wakasema wote watatu, upesi kuliko nilivyopenda.

Nikainuka kwa hasira, na mtu aliyevaa plasta hawezi kuinuka kwa hasira. Iliwabidi wanisaidie. Munyi alinishika huku, Njuki kule, wakanifikisha mlangoni kwa upole, wakanifukuza.

Nyumbani nikamkuta Karwirwa anamenya ndizi za jioni.

"Nimeacha bendi," nikamwambia.

"Umeacha ama umeachwa?"

Kutoka ile hoteli mpaka sokoni kwake hapakuwa mbali. Habari ilikuwa imefika kabla yangu, maana yenyewe haikuvaa plasta.

Nilijitupa kitini. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Aliendelea kumenya, kisha akasema bila kunitazama:

"Miaka hii yote nimekuwa mke wa bendi. Sijui kama nimewahi kuwa mke wa mtu. Kaa nyumbani kidogo, Baba Lenah. Nikuone."

Mtu mwenye akili angekaa. Mimi niliuliza kama tuna karatasi kubwa za kuandika matangazo.

Kwa maana jina lilikuwa langu. Plasta ilipotoka tu, nikaunda Radi za Nyambene mpya. Kwenye drumu nikamweka Mukiri, muuza nyama, mtu mwenye mkono mzito. Kwenye besi sikumpata mtu, nikamwambia Mukiri apige kwa nguvu zaidi. Kinanda hakikuwepo, ila palikuwa na mzee mmoja wa kodiani, kile cha kuvuta na kubana kifuani, aliyeniambia roki anaijua, ni ileile dansi ya Kizungu ya polka, ila wanaicheza haraka.

Tukaenda kupiga Nkubu, siku ya soko, mchana kweupe. Watu wakajaa. Niliona uwanja umefurika nikasema moyoni, Munyi na ajue.

Tulipoanza wimbo wa kwanza, sauti ikatoka nyuma.

"Mama wa drumu yuko wapi?"

"Hayupo!" nikajibu. "Mwanzilishi yupo!"

"Basi zama!"

"Nini?"

"Zama! Zama! Zama!" Uwanja mzima ukaishika. Akina mama waliokuwa na vikapu vichwani waliviweka chini ili wapige makofi vizuri. Walikuwa wamesikia habari za Kiambere. Hawakuja kunisikiliza. Walikuja kuniona nikianguka.

Nikagoma. Nikawapigia wimbo wangu wa mapenzi, ule mrefu. Katika ubeti wa pili mteja mmoja akamtambua Mukiri, akamwuliza kutoka chini kama ini la leo bado lipo. Mukiri akasema lipo, lakini litanunuliwa asipowahi. Akaweka vijiti chini akaondoka naye. Mzee wa kodiani alibaki nami mpaka ganda la kwanza la ndizi liliporushwa. La pili lilinikuta peke yangu.

Ndivyo Radi za Nyambene mpya zilivyoishi na kufa, kati ya asubuhi na saa ya chai.

Lakini hayo si mabaya ya wiki hii. Mabaya yanakuja.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba. Binti yangu Lenah alikuwa anaosha vyombo, anaimba. Mwanzoni sikusikiliza. Kisha nikasikia.

*Alikuja na ngozi kwenye jua,*
*alipanda akasahau uzito,*
*mtu wa shimo, tupe mkono,*
*sisi sote tuko shimoni.*

"Huo wimbo umetoa wapi?"

Akaruka, sahani ikaponyoka. "Shuleni, baba. Kila mtu anauimba."

"Ni wa nani?"

"Ni wa hiyo bendi..." Akaangalia maji. "Wanaitwa Bendi ya Shimo."

Nilisimama nikaenda mpaka kwenye migomba, mbali na macho ya mtu. Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki yote ya kukasirika. Walikuwa wamechukua aibu yangu, wakaitia mdundo, wakaipeleka mpaka shuleni kwa mtoto wangu.

Nikagundua kwamba ninauimba.

Na kwamba vidole vyangu vinatafuta sauti zake hewani, kama vimeshika gitaa. Na kwamba ulikuwa wimbo mzuri, rafiki yangu. Ulianza kwa kunicheka, lakini ulipofika mwisho ulikuwa umemkumbatia yule mtu wa shimo na kila aliyemcheka. Tangu 1973 nilikuwa nimeandika nyimbo juu ya radi, juu ya dhoruba, juu ya pikipiki ambayo sikuwahi kuwa nayo. Hakuna mtoto aliyewahi kuosha vyombo akiimba hata mmoja.

Nilikaa kwenye migomba muda mrefu. Karwirwa alikuja akasimama kando yangu.

"Unalia?"

"Ni utomvu wa ndizi."

"Nenda Embu," akasema. "Kaongee nao. Ama uwakataze ama uwasalimie, lakini usikae hapa unanilowesha shamba."

Nikaenda Embu. Njiani nilipanga maneno makali. Nitamwambia Wamuyu: auache huo wimbo, la sivyo tutaonana kwa chifu. Nilipofika kwenye kibanda chake cha kushonea, maneno yote yalikuwa tayari. Nikafungua pazia.

Wote watatu walikuwemo. Wamuyu kwenye cherehani, Munyi juu ya marobota ya vitambaa, Njuki mlangoni pa nyuma. Na kulikuwa na mwanamke mmoja mgeni, viatu virefu, nywele zimechanwa kwa mtindo wa Nairobi.

"Huyu hapa!" Munyi akaruka. "Tulikuwa tunakuja kwako sasa hivi!"

"Kwangu?"

"Karibu, karibu, keti!" Munyi aliyenifukuza alinipangusia kiti kwa mkono wake.

Yule mgeni akanipa mkono. Aliitwa Kagure, mtayarishaji wa maonyesho. Alikuwa amewasikia, akataka kuwarekodi, kisha awazungushe nchi nzima, Mombasa mpaka Kisumu.

"Lakini bila wewe haiwezekani," akaniambia.

Nilisikia kifua kikijaa. Yale maneno makali niliyatupa nje ya kibanda bila kuaga. Bila wewe haiwezekani! Nikamwangalia Munyi. Nikamwangalia Njuki. Nikaanza tena ile hotuba ya kusamehe.

"Gitaa langu," nikamwambia Kagure kwa unyenyekevu, "lina sauti ambayo..."

"Gitaa?" Kagure akatazama wenzangu. "Ah. Gitaa pia unaweza kushika. Ninachotaka ni shimo."

"Shimo?"

"Watu wote wanauliza kama mtu wa shimo ni wa kweli. Tutatengeneza jukwaa lenye mlango chini. Kila onyesho, wimbo wa mwisho, unapanda, unaruka, unazama. Tutaweka godoro. Hutaumia."

Huko nje mtu alikuwa anamwita kuku.

"Kila onyesho?" nikauliza.

"Kila onyesho."

"Mimi nimekataa," Wamuyu akasema. Alikuwa bado ameshika kitambaa chini ya sindano, lakini mguu wake ulikuwa umesimama. "Nimemwambia huyu mama mbele ya wote. Ule wimbo niliutunga kwa sababu siku ile niliogopa utakufa mbele yangu. Si wa kumtupa mtu shimoni kila Jumamosi. Mwongera arudi apige gitaa, asimame kama watu. Akianguka kwa makusudi hata mara moja, mimi siimbi."

"Wamuyu, tafadhali," Munyi akamsihi. "Mombasa! Kisumu!"

"Nimesema."

"Na mimi bila shimo sina cha kuuza," Kagure akasema. Akatazama saa yake. "Bendi ni yenu. Pigeni kura. Narudi Nairobi leo."

Mkono wa Munyi ukapanda papo hapo. Njuki aliangalia sakafu muda mrefu, akaangalia paa, kisha mkono wake nao ukapanda, mpaka usawa wa sikio. Wamuyu akakunja mikono yake kifuani.

"Wawili kwa mmoja," Kagure akasema. "Lakini haina maana kama yeye mwenyewe hataki."

Wakanigeukia wote.

Wamuyu peke yake hakunitazama kwa macho ya kuomba. Alinitazama kama fundi anavyotazama kitambaa, anapotaka kujua kama kitastahimili uzi.

Nilifikiria Karwirwa na migomba. Nilifikiria Mombasa, taa, maelfu ya watu wakiliita jina langu, hata kama jina lenyewe ni Shimo. Nilijua jibu la mtu mwenye heshima. Nilikuwa nalo mdomoni, zima, tayari.

Na mkono wangu wa kulia, ule wa kupigia gitaa, ukaanza kunyanyuka. Naapa mbele yenu, sikuuamrisha.